Godelive na Karatasi ya Msamaha

Godelive Nimbona wa Isipingo, Afrika Kusini, alijifunza kuandika jina lake akiwa na miaka hamsini na tano, na tangu hapo hakuliweka ovyo ovyo. Mwaka 2008 aliliweka kumdhamini Aurélie, mtoto wa mdogo wake aliyemwita tantine, akope ada ya uuguzi kwenye mfuko mmoja wa masomo mjini Durban. Mdhamini maana yake mwenzako akishindwa, wanakuja kwako wabebe mpaka cherehani. Godelive aliishi kwa cherehani hiyo, akishona sare za shule. Alijua, akaandika.

Masharti yalikuwa hivi. Aurélie akishamaliza miaka mitano katika kliniki ya umma, deni litakalobaki hatadaiwa. Na kliniki, ili asiwakimbie, ilimlipia nusu ya rejesho la kila mwezi. Nusu nyingine alikatwa mshahara. Miaka mitano ya kazi ikatimia Februari 2015, akaja na karatasi.

"Tantine, tia saini hapa. Mwisho ni leo saa kumi."

"Inasema nini?"

"Ni Kiingereza. Inasema mkopaji na mdhamini wanaomba kusamehewa deni lote."

Godelive akaweka mkasi chini. "Nani kamkosea nani?"

"Hakuna, tantine. Ndivyo wanavyosema wao."

"Basi waseme vingine. Mume wangu mwenyewe sikumwomba msamaha, na nilimwunguzia koti la harusi. Leo nikaombe kwa watu wa ghorofani?"

Aurélie akalia kidogo, akabembeleza, akataja randi elfu thelathini na moja zilizobaki. Wapi! Saa nane walikuwa mjini mbele ya meza ya Travis, karani wa mfuko, kijana wa Kikenya aliyevaa tai pana kuliko kifua chake na kusema kama mtu anayewafanyia watu hisani kwa kupumua.

"Shosho, hilo ni neno tu."

"Mimi si bibi wala shosho wako. Na kama ni neno tu, litoe."

"Siwezi. Fomu iko hivyo."

"Wewe umeajiriwa na watu au na fomu?"

Foleni ikacheka. Godelive hakucheka. "Huyu amedunga sindano watoto wa watu miaka mitano, usiku na mchana. Kliniki imelipa, yeye amelipa. Halafu wewe wa kiti cha kuzunguka ndiye unasamehe! Deni gani? Fungua faili, usome lote. Kwa Kiswahili."

"Lote?"

"Nina mguu mbaya lakini makalio mazuri. Nitakaa."

Travis akasoma kama mtoto aliyeambiwa aoshe sufuria zisizo zake. Akafika kwenye barua ya kliniki, akasoma mistari miwili, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Mbona umezima?"

"Hapa... kliniki inasema pesa yake ni ya kupunguza deni. Mfuko ukisamehe deni lote, yaani hata ile sehemu ambayo kliniki imeshalipa, kliniki itahesabu imelipa bure. Itamkata mshahara mpaka irudi yote."

"Eish!" Aurélie akashika kichwa. "Nusu ya miaka mitano?"

"Kwa hiyo," Godelive akasema, "mngempa mkono wa hongera leo, mwezi ujao akale ukuta."

Travis akavuta droo, akachakura, akatoa karatasi nyingine. "Iko fomu ya waliosaidiwa na mwajiri. Inasema kilicholipwa kimelipwa, na kilichobaki kimemalizwa kwa utumishi. Nilisahau, shosh... mama. Samahani."

"Ulisahau! Tai ulikumbuka kuifunga."

Aurélie akaisoma fomu mpya kwa sauti, mara mbili, akiweka kidole kwenye kila mstari. Hapakuwa na ombi ndani yake. Godelive akaandika jina lake herufi moja moja, akipumzika katikati, na saa ya ukutani ikikaribia kumi. Travis alinyoosha kidole kumwonyesha mstari. Godelive akakisukuma pembeni kama nzi. Muhuri ukapigwa. Deni likafa.

Kwenye ngazi Aurélie akasema, "Tantine, ungeweza kumsema polepole."

"Ningeweza. Angesoma?"

Nyuma yao nesi mmoja wa kwenye foleni alikuwa ameshaketi kwenye kiti walichokiacha, akimwambia Travis aanze na barua ya mwajiri.