Aliyekwenda na Mizinga ya Königsberg

Bosi niliyemwendesha Doha alikuwa Mjerumani, mhandisi wa majengo, na aliishi na mkewe kule The Pearl, mtaa wa matajiri kandokando ya bahari. Mimi nililala Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi. Siku moja aliniuliza kwetu ni Tanzania sehemu gani. Nilipomjibu Rufiji, akaniambia niegeshe gari nipande naye juu.

Sebuleni, ndani ya kabati la kioo, palikuwa na manowari ndogo ya mbao na bati. Aliiunda mwenyewe, kwa miaka. Alinieleza habari zake kwa sauti ya chini, kama vile mimi ni ndugu wa marehemu. Manowari yenyewe ya kweli iliitwa Königsberg. Iliundwa Kiel, Ujerumani, dohani tatu, mizinga mikubwa kumi, nyepesi ili iwe na mbio. Mwanzoni ilizunguka bahari za kwao na kusindikiza chombo cha starehe cha mfalme wao. Kisha ikatumwa Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza ikazamisha manowari ya Waingereza pale Unguja, halafu injini ikaharibika, ikaja kujificha kwetu, ndani kabisa kwenye mikoko. Waingereza wakaitafuta hadi wakaipata. Walipoipiga ikashindwa, mabaharia wake wenyewe wakaimalizia palepale matopeni. Baadaye mizinga iliopolewa, ikavutwa na watu, ikaenda kupigana nchi kavu.

Nikamwambia kwamba baba wa bibi yangu alikwenda na ile mizinga. Hivyo ndivyo bibi alivyokuwa akisema, maneno hayo tu, kisha anabadili mazungumzo. Bosi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ijumaa, nilipotoka kuswali, alinikalisha mezani na wageni wake. Nilikuwa nimevaa shati la kazi. Akaniomba nisimulie, nami nikasimulia: kamba begani, matope hadi kiunoni, mjeledi mgongoni, wenzake wanaanguka njiani. Bibi hakuniambia hata moja katika hayo. Niliyapanga mwenyewe kwa kuwa yalielekea kuwa kweli, na kwa kuwa walikuwa wananisikiliza. Mama mmoja alijifuta machozi. Bosi akasema atachonga jina la mzee huyo kwenye kibao cha shaba chini ya manowari, kisha akauliza aliitwa nani.

Sikujua. Yeye alijua jina la nahodha na la daktari wa meli, mimi sikujua jina la mzee wangu. Nilitazama sahani yangu, uso unaniwaka.

Nilimpigia simu shangazi yangu aliyeko kijijini Mohoro. Nikamwuliza jina la mzee wetu aliyevuta mizinga.

"Mwanangu, nani kakwambia alivuta?" akasema. "Yule hakuvuta. Alivutisha wenzake."

Akanieleza kwamba alikuwa nyapara wa Wajerumani. Alipita nyumba kwa nyumba kukamata wanaume, na yeye ndiye aliyeshika mjeledi. Wengi hawakurudi. Ndiyo maana jina lake hakurithishwa mtoto yeyote katika ukoo wetu. Shangazi alilitaja mara moja, kwa kunong'ona, akaniomba nisilirudie.

Nilimwambia bosi ukweli huo ndani ya gari, asubuhi tukielekea kazini kwake Al Wukair. Yeye akasema kwa upole kwamba wageni waliguswa sana, na si lazima tuwavurugie. Nikaitikia. Niliona aibu jinsi nilivyofurahi kuruhusiwa kunyamaza.

Lakini walikuja wageni wengine, akaniita tena, akaanza yeye mwenyewe kuhadithia kamba na bega. Nikasikia uongo wangu ukitoka katika kinywa cha mtu mwingine, nikashindwa kuvumilia.

"Hakuvuta," nikasema. "Alikuwa nyapara. Aliwapiga waliovuta."

Mke wa bosi akainuka kwenda kuleta chai. Hakuna aliyeuliza jina. Sikuitwa tena mezani, ingawa bosi hakuacha kunisalimia vizuri, na kibao cha shaba hakikuwekwa.

Nilipokwenda likizo nyumbani, shangazi alinipeleka kwa bibi mmoja jirani yao, ambaye babu yake alikamatwa akapotelea huko kwenye mizinga. Njiani nilikuwa nimejitungia maneno ya kuomba radhi. Nilipofika mlangoni yote yakanitoka, nikabaki nimeinamisha kichwa, na zawadi ya tende mkononi.

"Wewe ni wa kwao yule," bibi akasema. "Tunajua. Tumewajua siku zote. Kaa."

Nilikaa kwenye mkeka. Aliniuliza habari za Uarabuni, kama joto la huko ni kali kweli jinsi wanavyosema. Nilimjibu huku nikitazama mikono yangu, na hata nilipoaga sikuweza kumtazama usoni.