Tai Juu ya Abakosti

Wajukuu wakiniuliza kwa nini nakataa kuketi kwenye meza zenye vitambaa vyeupe, huwa najibu kwamba mgongo unauma, na huo si ukweli, na kwa kuwa mimi ni katekista mzee nisiyetaka kwenda kaburini na uongo mdogo mdogo mfukoni, acheni niwasimulie leo, ninyi wenzangu wa kwaya, ila mucheke polepole.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Mke wangu, Mama Anna, alikuwa amepasuliwa macho hospitalini Kigoma, ng'ambo ya ziwa, bado amefungwa bandeji, hana wa kumshika mkono, nami nilikuwa naenda kumchukua. Meli ikikuacha Kalemie, hakuna aliyejua nyingine itakuja lini. Kwa hiyo nilimwomba Mungu jambo moja tu: nifike. Mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizo mchuuzi wa samaki, alinilipia daraja la kwanza kwa shukrani (ningekataa, lakini nani anakataa kitanda?), na humo chakula cha jioni kilikuwa ndani ya tikiti. Binti yangu alikuwa amenifungia bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaushwa. Ningekula hicho nikalala, nisingekuwa na la kuwaambia. Lakini nilisikia harufu ya kuku.

Mlangoni mwa chumba cha kulia alisimama mzee wa Kigoma, mkuu wa meza, maana meli ilikuwa ya Tanzania.

"Karibu, mzee. Lakini jioni humu ni koti na tai. Sheria ya meli hii tangu Wazungu."

"Koti ninalo," nikasema, nikishika abakosti yangu. (Vijana hamkuijua: koti la kufungwa vifungo mpaka shingoni, ndani unavaa singileti tu, hiyo ndiyo nguo serikali ilitaka tuvae. Tai ilikatazwa kabisa, nguo ya mkoloni, na watu walikamatwa kwa ajili yake.) "Tai kwetu ni kosa."

"Kwenu ni kule," akanionyesha gati. "Humu ni kwetu."

Akavuta droo, akatoa tai nyekundu. Honi ilikuwa imekwisha kulia, kamba zimefunguliwa, taa za Kalemie zinaanza kusogea, nikajiambia, katikati ya ziwa nani ataniona? Nikamwinamishia shingo. Shati sikuwa nalo, basi akaifunga juu ya ukosi wa abakosti yenyewe, na nadhani katika Zaire nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyevaa hivyo.

Supu ikaja, nikaibariki. Kijiko cha kwanza kabla hakijafika mdomoni, injini ikakohoa, ikanyamaza, na upepo ukaturudisha taratibu mpaka gatini. Na kama ilivyokuwa desturi yao meli ikigusa gati, vijana wa chama cha serikali wakapanda kukagua wasafiri.

Nikaivuta tai. Nikavuta upande usio wake, fundo likakaza. Mimi niliyezoea kufunga mbuzi na mitumbwi! Nikavuta tena, likakaza zaidi, buti zinapiga ngazi, mkuu wa meza yuko jikoni, na humo chumbani wenzangu wote walikuwa mama wa Zaire, wasiodaiwa tai, hakuna aliyewahi kuifungua. Nikachukua kitambaa cha kufutia mdomo, nikajifunga shingoni kama mtoto anayelishwa uji.

Mkubwa wao, kijana mnene, akasimama mbele yangu, akaniita sitwayeni, yaani raia, kama serikali ilivyotaka tuitane.

"Sitwayeni Papa, uko nakula nini?"

"Supu, mwanangu."

"Supu gani ile inapanda mpaka ku shingo? Toa kitambaa."

Wenzake wakacheka. Ningeweza kusema nina jipu. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeoga na umevaa. Lakini nilikuwa nimetoka kubariki ile supu. Nikatoa kitambaa.

"Ee! Tai! Na tena juu ya abakosti! Papa, nguo ya taifa unaifunga kamba ya mukoloni? Shuka. Tunaenda ku biro ya chama."

Chini injini ikaanza kunguruma tena.

"Mwanangu, bibi yangu iko Kigoma, macho imefungwa. Nikishuka, nani atamuongoza? Nilivaa hii sababu ya kuku."

"Sababu ya nini?"

"Ya kuku. Walisema bila tai hakuna kuku."

Tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, chumba kizima kikafuata. Mimi sikucheka, nilikuwa nasikiliza honi.

"Basi, Papa, baki. Lakini hii nguo haukuistahili. Vua."

Nikafungua kifungo kimoja kimoja mbele ya mama za watu, nikauchomoa ukosi chini ya tai, nikabaki na singileti yenye tundu kwapani, na tai nyekundu mpaka kitovuni. "Sasa kula kuku yako," akasema, akashuka na abakosti yangu. Meli ikaondoka, nami ndani yake. Asante Mungu.

Kuku akaja. Nikanyoosha mkono. Mkuu wa meza akainama sikioni mwangu, kwa heshima kubwa kabisa.

"Samahani sana, mzee. Tai unayo. Lakini koti huna."

Akalifungua fundo kwa vidole viwili kama anayemenya ndizi, akaikunja tai yake, akanisindikiza mlangoni.

Kigoma, Mama Anna alinipapasa kifua, akauliza, "Papa, koti umeliacha wapi?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Tuliongea, na yeye alicheka mpaka nikaogopa macho yatapasuka upya. Tangu siku ile, mahali wanapotaka nibadilike kwanza ndipo wanipe chakula, nawatakia wale walio ndani baraka ya meza, kwa moyo wote, nikiwa nimesimama nje.