Udalali wa kihamba chenye babu ndani

Ko! Jembe liligonga kitu leo asubuhi, na mlio huo haujanitoka masikioni.

Jamani, mzee Ndesario wa Kirua alikuwa anauza kihamba, shamba la ukoo. Dalali ni mimi. Mnunuzi nilimtoa mimi mwenyewe kule Rau, na bei walishakubaliana. (Ardhi ni ya Taifa, najua. Tunauza mibuni na migomba.)

Mnunuzi akaanza kuchimba shimo la mpaka, penye masale, ile mimea tunayopanda mipakani.

Ko.

Chungu kikapasuka. Ndani, fuvu. Zamani kwetu fuvu la mzee liliwekwa chunguni, likazikwa penye masale.

"Huyo ni babu," mzee akasema, akilipangusa kwa shati lake. Mnunuzi akaondoka bila kuaga.

"Siuzi tena, mwanangu."

Na mimi, na shule yangu yote, nikasema: "Lakini ujira wangu uko palepale, mzee. Tuliandikiana: mnunuzi akipatikana, nalipwa."

Nilikuwa nawaza mabati. Paa la mama linavuja.

"Ni haki yako. Ila msalimie kwanza babu."

Akakata jani la sale, akalipiga fundo, akaninyooshea. Kwetu sale halikataliwi. Ukipewa, umesamehe.

Ninyi mngefanyaje?

Mimi nimelipokea kwa mikono miwili. Nikasema shikamoo kwa lile fuvu. Karatasi yetu nimeichoma jikoni kwa mama, chini ya tundu la paa.