Siku Niliyoipigia Zaburi Ngoma

Hadi leo, nikisikia zaburi inaimbwa, naingiza mikono mfukoni.

Enzi hizo za Mwingereza, pale Masasi, mwalimu wetu wa kwaya alitunga muziki wa zaburi zilizofuatana bila kusimama, kwa kinanda, zeze, tarumbeta na ngoma. Ngoma niliitaka mimi. Padri akaniuliza kama nimewahi kupiga ngoma za kijijini.

"Sijawahi, Padri," nikajibu kwa unyenyekevu wa kujitengenezea. "Kwetu Chilangala sisi ni watu wa kusali tu."

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuja toka Chilangala na kanga yake mpya, akaketi mbele. Zaburi za huzuni nilizipiga taratibu, kama nilivyofundishwa. Ilipofika ile ya shangwe, tarumbeta zikapanda, nami nikanogewa, nikafumba macho. Mikono ikaenda zake nyumbani. Ikaanza kupiga mdundo wa vijana wanaotoka jandoni, ule unaowaita mama zao waje kuwapokea.

Nikasikia vigelegele. Kufumbua macho, akina mama wamejifunga kanga viunoni, wanacheza kuelekea mlangoni kuwapokea vijana ambao hawakuwapo. Aliyetangulia ni mama yangu.

Muziki ukafa. Padri akamwuliza, "Mama, kuna nini?"

"Hakuna neno, Padri," akasema akihema, uso umejaa fahari. "Ni mwanangu huyo. Kwetu watoto hawatoki jandoni mpaka yeye ashike ngoma."