Dawa ya Zambarau Gotini mwa Lulu

Mwanangu, kila nikisikia harufu ya supu ya makongoro, ile tunayoiita mulokoni hapa Kampala, nakumbuka siku moja niliyokaribia kumuua farasi kwa sababu ya aibu.

Nilikuwa kijana, nikitunza farasi watano katika zizi moja huko Makindye. Nilijiona fundi. Mwenye zizi, Mkenya mpole tuliyemwita Bosi Otieno, alikuwa ameniagiza juma zima niondoe kipande cha bati kilichochomoza kwenye ua. Nikawa nasema kesho, kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo niliujua, lakini kuujua msemo si kuufuata.

Asubuhi moja Lulu, farasi jike mwenye tabia ya kunilamba shingo, akajikata kwa bati hilo kando ya goti la mbele. Kidonda hakikuzidi kucha ya kidole gumba, na damu ilikatika upesi. Nikachukua dawa ya zambarau, ile tunayowapaka ng'ombe na mbuzi kwa kila jambo, nikapaka goti zima. Nilijiambia namtibu. Uongo mtupu! Lulu alikuwa na rangi nyeusi, zambarau ikapotea humo, na Bosi akapita asione kitu.

Saa sita mchana Hajati Zuhura, aliyeuza mulokoni langoni petu, akaniletea bakuli langu. Akamwona Lulu anagusa chini kwa ncha ya kwato tu.

"Huyu ana nini?"

"Mkwaruzo tu, Hajati. Nimeshapaka dawa."

Hajati aliweka bakuli chini. Alinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akanituma maji safi yenye chumvi, tukaiosha ile rangi taratibu. Ndipo nilipoona kidonda kinatoa maji ya manjano yenye utelezi. Hajati akayashika kati ya vidole viwili, yakavutika kama uzi.

"Banange! Hii si maji ya kidonda, hii mafuta ya kiungo. Mimi kila siku napasua kwato, naijua. Uchafu ukiingia huko ndani, huyu hasimami tena. Sasa wewe unaficha nani? Mguu ni yake, aibu ni yako. Beba yako!"

Nilimwendea Bosi. "Bosi, lile bati sikulitoa. Lulu amekatwa gotini, nami nimepaka dawa ili usione."

Alikuja zizini, akainama akalitazama goti. "Asitembee hata hatua moja," alisema, akampigia simu daktari wa mifugo wa Bugolobi.

Daktari alidunga sindano upande wa pili wa goti, akasukuma maji maalumu, yakatokea kidondani. Kiungo kilikuwa kimetobolewa kweli. Akamlaza Lulu kwa dawa, akakisafisha kiungo mara nyingi mno, akafunga bandeji. Alipokuwa akikusanya vifaa vyake akaniambia, "Ungeniita kesho kutwa, ningekuja kumlaza asiamke."

Jioni nikalitoa lile bati. Ilinichukua dakika tano tu.

Siku ya kumi na mbili Lulu alikanyaga chini kwa kwato nzima. Nilimkumbatia nikalia waziwazi, naye akanilamba shingo kana kwamba sikumkosea lolote. Ee mwanangu, nafuu ile sijaionja tena! Hajati alinicheka: "Acha kulia, ssebo. Supu inapoa."

Basi nisikilize. Kidonda kilicho karibu na kiungo usikipime kwa udogo wake. Kioshe, kifunike kwa kitambaa safi, usikipake rangi, na mwite daktari siku ileile. Kosa lako nalo litaje likiwa bado bichi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilikuwa njiani kuniumbua kwa roho isiyo yangu.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri. Na siku ulimi huo ukiwa mzito, akuletee mtu kama Hajati, mwenye mikono safi na maneno makali, kabla ya kesho kutwa.