Kiatu Kilichoila Tovuti

Ukimwona kazini mara ya kwanza, utadhani kasinzia. Kompyuta ikigoma, wengine hubonyeza ovyo. Yeye hukunja mikono kifuani, akasoma kilichoandikwa mpaka mwisho. Ndiyo maana mumewe humwita Bi Taratibu.

Mumewe ni fundi viatu. Huwashonea watoto ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Wazazi hujaza vipimo kwenye tovuti, na tovuti huendeshwa na Bi Taratibu, mezani pake pembeni ya karakana, puani harufu ya gundi na ngozi.

Asubuhi ile tovuti ilikuwa nyeupe pe, na sentensi moja tu: memori iliyoruhusiwa imekwisha. Humo ndani mlikuwa na vipimo vya binti mdogo ambaye hajawahi kutembea bila kushikwa mkono. Yeye na mama yake walikuwa tayari safarini, simu ya mama haipatikani, na kesho wangefika kujaribu kiatu. Soli ilibidi ikatwe leo, gundi ipate usiku wa kukauka.

"Nikisie?" fundi aliuliza, kisu mkononi.

"Thubutu! Ukisie mguu wa mtoto wa watu?"

Bi Taratibu akaiongezea tovuti memori, ile nafasi yake ya kufanyia kazi. Ikafunguka. Fundi hajamaliza kushangilia, weupe ukarudi.

"Kuna mlafi humu," mkewe akasema. "Nimemwongezea sahani, kaifagia yote."

Akaingia kwenye mafaili ya seva, akabadilisha jina la folda ya plagini, vile vijiprogramu vinavyoiongezea tovuti kazi, ili isione hata kimoja. Tovuti ikafunguka, lakini vipimo havikuonekana, kwa kuwa fomu nayo ni plagini. Basi akaanza kuzirudisha moja moja, akijaribu kila mara. Alipofika kwenye moja asiyoifahamu, weupe ukatanda.

"Fundi, hii ya kuzungusha picha imeingia lini?"

Fundi akajikuna kisogo. "Jana jioni, ulipokwenda sokoni. Nilitaka kukushtukiza. Kiatu kizunguke, mzazi auone na upande wa ndani, pale mguu unapoegemea."

"Na picha umeweka ngapi?"

"Kiasi."

"Kiasi! Kila moja kubwa kama bango la barabarani, na zote zinafunguka kwa mpigo! Mume wangu, hata wewe ungezimia."

Alitaka kuendelea kufoka, ila jicho lake likaangukia picha ya kwanza. Pembeni kilionekana kidole gumba cha mumewe, kina gundi, kimekiinua kiatu kwa uangalifu kama mtu anayemnyanyua mtoto mchanga. Hasira zikamyeyuka.

"Nitaizima kwa sasa," akasema kwa upole. "Baadaye tutairudisha, kwa picha chache, ndogo. Wazo lako zuri. Siku nyingine nishtukize kwa chai."

Akazirudisha zilizobaki, na vipimo vikajitokeza. Akamsomea mumewe polepole, mara mbili, naye akavichora kwa chaki juu ya soli.

Kesho yake gundi ilikuwa imekauka. Simu ikaita: mama yule, kwa simu ya kuazima. Wameshashuka kituoni, wanakuja kwa miguu, binti kabebwa mgongoni.

Fundi akakifuta kiatu tena.

"Kaa basi, bwana. Utakitoboa."

"Mbona wewe mwenyewe umesimama?"

Bi Taratibu akasogea mlangoni, mumewe akamfuata, wakawa wanatazama kona ya mtaa.