Bawasiri Yangu Ukutani

Nimechoka kuificha hii aibu, wacha niwaambie tu, kwa sababu hasira niliyo nayo mpaka leo inaniumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Kazi yangu ni kupima programu za simu kwa kampuni moja ya bima huku mjini, yaani kabla mteja hajapewa programu mimi ndiye huibonyeza kila mahali nione itakufa wapi, na bosi wangu Kioko akatupeleka, yeye mwenyewe akiwemo, tufunzwe kupima usalama wa programu hizo, mafunzo ya kushika kwa mikono, si ya kusikiliza tu. Kila mtu alipewa simu ya darasa. Yangu ilikuwa inazima kila nikiigusa, na mwalimu, jamaa anaitwa Odhiambo anayependa sana kusikika, akaniambia nivumilie. Sikuvumilia. Nikatoa simu yangu kwa mkoba nikaiunganisha na mtandao wa darasa, basi.

Sasa zoezi lilikuwa hivi: kila kitu simu inatuma au kupokea kinapitia kwanza kwa kompyuta ya mwalimu, na kompyuta imeunganishwa na projekta, ili tuone ni programu gani inaficha habari za watu na ni gani inazianika. (Najua. Msinitazame hivyo.) Nyingi zilitoa herufi zisizosomeka, jinsi inavyofaa, nami nikatulia. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi hiyo nilimwandikia daktari kwa programu ya kliniki moja ya Parklands, na daktari akachagua wakati huo kujibu, simu ikavuta mazungumzo yote, yakatokea ukutani waziwazi, jina langu Nafula likiwa juu: Daktari, bawasiri imerudi, nikikaa ofisini machozi yananitoka.

Mtu huko nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Kioko akageuka, si kwa ubaya, akasema polepole, "Kumbe ndiyo maana siku hizi unafanya kazi umesimama." Hapo wakaachilia kicheko chote.

Hao nawaelewa. Odhiambo simwelewi. Mtu mwenye akili angezima ile kitu, yeye akakuza maandishi, akasema huu ndio mfano amekuwa akiutafuta siku zote, akapitisha kidole kwa kila neno, halafu akasema, "Na hapa chini kuna picha. Hebu tuone kama nayo imeachwa wazi."

Picha hiyo niliipiga mwenyewe bafuni, kwa shida, kwa sababu daktari aliiomba. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nimeshika waya wa projekta na nimeuvuta kwa nguvu zote za kwetu Bungoma, projekta ikafuata waya, ikaangukia birika lililokuwa mezani kwa mwalimu, na chai yote ikamwagikia kompyuta ya mwalimu. Halafu eti mimi ndiye nikaambiwa nipunguze hasira.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi Parklands. Meneja wa kliniki, mama mmoja mpole, akaniambia programu yao iko salama kabisa, hata ina picha ya kufuli pale mwanzo. Nikamweleza kwamba mtu akikaa kwenye mtandao mmoja na mgonjwa anaweza kusoma kila kitu. Akafikiria, kisha akaniuliza, "Lakini dada, si ni wewe ulijidukua?" Nilikaa kwa kile kiti chao kigumu (mnajua kwa maumivu gani) hadi akampigia aliyewatengenezea, na kabla sijaondoka ile sehemu ya kumwandikia daktari ilikuwa imefungwa hadi irekebishwe.

Jioni, nikiwa nyumbani Kileleshwa, Odhiambo akanipigia. Aliomba msamaha vizuri, hata nikaanza kulainika, mpaka akauliza kama anaweza kutumia yale maandishi kwa darasa lijalo, jina langu likiwa limefichwa, kwa kuwa kompyuta ilikauka ikapona.

Keshoye, mafunzo yakiendelea, nilifika darasani kabla ya wengine, nikasimama nyuma yake hadi akafuta kila kitu, nikamwambia afungue na pipa la taka la kompyuta, akalimwaga nalo mbele yangu. Watu wanasema nimsamehe, alikuwa anafundisha tu. Mimi nimeapa simu yangu haitaingia tena kwa darasa la mtu, na yeyote atakayetaka kunifundisha kulinda siri za watu, nitamtazama kwanza anafanya nini siri ya mtu ikimwangukia mkononi.